Robo nyekundu kwenye picha: je, kamera ya joto inamfaa mfugaji wa ng'ombe kumi na mmoja?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasimamia ng'ombe wa maziwa wa mama yangu, chotara wa Friesian kumi na mmoja, huku Muheza mkoani Tanga. Wiki iliyopita alikuja bandani mtu anayeuza kamera ndogo ya joto inayochomekwa kwenye simu. Aliwapiga picha ng'ombe wetu mnamo saa tano asubuhi, na kwa ng'ombe mmoja robo ya nyuma ya kulia ya kiwele ilitokea nyekundu kabisa, ilhali robo nyingine zilikuwa za njano na kijani. Alituambia kuwa huo ni ugonjwa wa kiwele unaoanza, na kwamba kamera hiyo hugundua ugonjwa wa kiwele, ndigana kali (homa inayoletwa na kupe) na ugonjwa wa miguu na midomo siku mbili tatu kabla ya dalili, bila kumgusa mnyama. Bei yake ni shilingi 850,000. Mama anataka tumdunge sindano ng'ombe yule na tuinunue kamera. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na sindano, maana hiyo ndiyo haiwezi kusubiri: msimdunge. Dawa ya kuua bakteria inayotolewa kwa sababu ya rangi ya picha ni dawa iliyotolewa kwa kubahatisha. Itawalazimu kuyamwaga maziwa ya ng'ombe yule kwa siku kadhaa, na kama hakuwa na ugonjwa, mtakuwa mmepoteza maziwa na fedha na kuwazoesha bakteria dawa ambayo siku moja mtaihitaji kwa dhati. Kuhusu kamera yenyewe, sisemi kuwa ni uongo. Ni chombo kizuri ambacho mwuzaji amekipa kazi kisichoiweza, na ili uone kwa nini nasema hivyo, itabidi nieleze kwanza kinachopimwa, kisha turudi kwenye picha ya ng'ombe wenu.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, ambayo William Herschel aliitambua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye prizimu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na joto likapanda. Kamera za joto za siku hizi husoma sehemu ya mionzi hiyo yenye mawimbi ya maikromita 8 hadi 14 hivi, kisha huigeuza kuwa namba na rangi. Mionzi hiyo hutoka juu kabisa ya ngozi au manyoya. Kamera haipenyi ndani kama eksirei: haioni maziwa yaliyomo kwenye kiwele, haioni tezi wala damu. Inachoona ni ngozi, na joto la ngozi ni matokeo ya mambo mengi yanayovutana, yaani damu inayopita chini yake, unene wa manyoya, unyevu, upepo, jua, na hata sakafu ambayo mnyama alikuwa ameilalia. Uvimbe wa ugonjwa huleta damu nyingi mahali pamoja na kupandisha joto la ngozi ya hapo, na huo ndio msingi wa madai yote ya mwuzaji wenu. Lakini jua la Muheza nalo hupandisha joto la ngozi, tena kwa kiasi kikubwa zaidi.

Sasa tuitazame picha ile. Ilipigwa saa tano asubuhi. Ikiwa ng'ombe alikuwa amesimama mahali ambapo jua linaingia bandani hata kwa pembeni, upande mmoja wa kiwele ulikuwa ukiota jua na mwingine ukiwa kivulini. Ukitaka kuona jambo hili kwa macho yako, mwombe mwuzaji ampige picha Friesian aliyesimama juani kwa nusu saa: utaona ramani ya madoa yake imechorwa kwa joto, meusi yakiwa ya moto na meupe yakiwa ya baridi, wala hakuna ugonjwa hata mmoja mwilini mwake. Pili, ng'ombe anapolala hulalia upande mmoja, na robo zilizobanwa kati ya paja na sakafu hubaki na joto kwa muda baada ya kuinuka. Ng'ombe yule alikuwa ameinuka muda gani kabla ya picha? Bila kulijua hilo, wekundu wa robo ya nyuma ya kulia unaweza kuwa habari ya usingizi wake tu.

Jambo la tatu ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi, nami naona wauzaji hawalisemi, wengine kwa kutolijua. Kamera hizi, zikiachwa zilivyotoka kiwandani, hujipangia rangi zenyewe: sehemu yenye joto kubwa kuliko zote katika picha hupewa nyekundu au nyeupe, na yenye joto dogo hupewa bluu, hata kama tofauti kati yake ni nusu nyuzi. Ndiyo maana kila picha ina mahali pekundu. Picha ya kiwele chenye afya kamili itakuwa na robo nyekundu, kwa sababu lazima kuwe na robo inayozidi nyingine kidogo. Dawa yake ni kufunga kipimo cha rangi katika programu, tuseme kianzie nyuzi 28 na kuishia nyuzi 40, ili rangi moja iwe na maana moja katika picha zote. Zaidi ya hapo, soma namba, usisome rangi. Je, alikuonyesha namba? Ikiwa robo ile ilikuwa na 36.1 na jirani yake 35.6, hapo hapakuwa na habari yoyote.

Namba nazo zina masharti yake. Kamera nyingi za daraja hili hutangazwa na watengenezaji wenyewe kuwa zinaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Ng'ombe mzima ana joto la mwili kati ya nyuzi 38.0 na 39.3, na mwenye homa huanzia karibu na 39.5. Chombo kinachoweza kukosea kwa nyuzi 2 hakiwezi kukuambia kama umevuka mpaka huo. Hata hivyo, kamera hizo hizo hutambua tofauti ndogo sana ndani ya picha moja, pengine sehemu ya kumi ya nyuzi, kwa sababu kosa lake, liwe la juu au la chini, huigusa picha nzima karibu sawasawa. Kwa hiyo matumizi yake ya halali ni kulinganisha: robo na robo, kwato na kwato, ng'ombe wa leo na ng'ombe yule yule wa jana katika saa ile ile. Mtu akikuambia kuwa kamera ya simu imesoma homa ya nyuzi 39.7, mwulize kipimajoto kimesemaje.

Kuna pia suala la umbali, ambalo ni hesabu tu. Kamera nyingi za bei nafuu zina pikseli 80 kwa 60. Ikiwa lenzi yake inaona pembe ya nyuzi 50, basi ukisimama mita moja kutoka kwa mnyama picha inachukua upana wa sentimita 93 hivi, na kila pikseli inafunika zaidi kidogo ya sentimita moja. Kipimo cha kuaminika huhitaji angalau pikseli tatu kwa tatu, yaani eneo la sentimita tatu na nusu. Kiwele na kwato vinatosha hapo bila shida. Lakini kona ya ndani ya jicho, ambayo watafiti huipenda kwa kuwa haina manyoya na ina damu nyingi karibu na uso, ni ndogo kuliko hapo. Utalazimika kusogea hadi sentimita 30, na mtu aliyeweza kumsogelea ng'ombe kiasi hicho na akatulia angeweza pia kumwekea kipimajoto kwa njia ya haja kubwa na kupata jibu lisilo na shaka. Hilo la "bila kumgusa mnyama" lina thamani katika zizi la ng'ombe mia tano wanaopita mmoja mmoja mbele ya kamera iliyofungwa ukutani. Kwa ng'ombe kumi na mmoja mnaowakamua kwa mkono kila siku, tayari mnawagusa mara mbili kwa siku.

Madai ya kugundua ugonjwa siku mbili tatu kabla hayakutungwa hewani. Huko Lacombe, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, watafiti waliwaambukiza ndama kwa makusudi virusi vya BVD, ugonjwa wa kuhara wa virusi, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba joto la jicho lilipanda siku kadhaa kabla ya dalili nyingine kuonekana. Ni kazi nzuri, na ilifanywa kwa kamera ghali, katika mazingira yaliyodhibitiwa, kwa ndama waliopimwa mfululizo hata kila mmoja akajulikana joto lake la kawaida. Kuhusu kiwele, watafiti wa Uturuki walipima mamia ya robo na kuona kwamba ngozi ya robo zilizokuwa na ugonjwa uliojificha ilikuwa na joto zaidi kuliko ya robo nzima, kwa tofauti iliyofikia nyuzi 2 na zaidi. Ukiishia hapo utamwamini mwuzaji.

Lakini wapo watafiti wa Finland ambao mwaka 2008 walichapisha jaribio la aina nyingine, na kwa mfugaji mimi naliona lina mafunzo zaidi. Waliingiza sumu ya bakteria wa E. koli katika robo moja ya kiwele ili kuamsha uvimbe, wakaiacha robo nyingine kama kielelezo, na wakafuatilia kwa kamera. Ngozi ya robo iliyotiwa sumu ilipanda kwa nyuzi 1 hadi 1.5, kama ilivyotarajiwa. Lakini ngozi ya robo iliyoachwa ilipanda pamoja nayo, kwa sababu mwili wote wa ng'ombe ulipata homa. Tena dalili za kiwele chenyewe, ambazo mkono na macho ya mkamuaji huzitambua, zilitangulia kuonekana kabla ya kamera kuona chochote. Maana yake ni kwamba katika ugonjwa mkali wa kiwele mkamuaji makini anaishinda kamera. Na katika ugonjwa wa muda mrefu, hasa ule wa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ambaye hukaa kiweleni miezi mingi na kupunguza maziwa polepole, mara nyingi hakuna joto la kutosha la kuonekana. Kamera basi inabanwa katikati: ugonjwa mkali huonekana bila hiyo, na ugonjwa mpole huipita.

Ndigana kali ni habari nyingine kabisa. Homa yake hupanda hadi nyuzi 40 au 41, kwa hiyo joto lipo. Lakini kamera haiwezi kutenganisha homa ya ndigana kali na homa ya ndigana baridi, ya mkojo mwekundu au ya mapafu. Kinachotenganisha ni tezi zilizovimba, hasa ile iliyo chini ya sikio, kupe walioonekana, na kioo cha damu au majimaji ya tezi kilichosomwa chini ya darubini. Dawa ya buparvakwoni hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema, na kuchelewa siku mbili kunaweza kumuua mnyama; ndiyo maana napendelea mkono unaopapasa tezi na kipimajoto cha kila asubuhi kwa ng'ombe yeyote aliyepunguza kula, kuliko picha. Liko pia jambo la kutahadhari: homa inapoanza kupanda, mwili hubana mishipa ya damu ya pembeni ili kuhifadhi joto, na masikio na miguu hupoa. Mnyama anayeumwa anaweza kuonekana wa bluu masikioni wakati joto la ndani linakimbia. Na kwa ng'ombe aliyezaa karibuni, masikio ya baridi yanaweza kuwa dalili ya homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake haina homa hata kidogo, ni upungufu wa kalsiamu katika damu, na huua kwa saa chache.

Ugonjwa wa miguu na midomo umejaribiwa katika maabara ya Marekani iliyoko kisiwa cha Plum, New York, ambako mwaka 2009 watafiti walipendekeza kwamba kwato zenye nyuzi 34.4 au zaidi zimtie mnyama katika kundi la wanaoshukiwa. Kipimo hicho kilipatikana ndani ya mabanda ya maabara. Kwa mchana wa Muheza, kwato za ng'ombe mzima aliyesimama juani zinaweza kuuvuka mpaka huo bila virusi vyovyote, na mngewashuku ng'ombe wote kumi na mmoja kwa siku moja. Ukiona mate yanayoning'inia, vidonda ulimini au ng'ombe wanaochechemea kwa pamoja, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo na usimtoe mnyama yeyote zizini. Ugonjwa huo ni wa kuripotiwa kisheria, na hakuna sababu ya kuingoja picha.

Utaniuliza, basi kamera hii inafaa nini? Kwa maoni yangu inafaa zaidi kwa miguu. Katika mabanda ya kulishia ndani yenye sakafu ya saruji yenye unyevu, kuchechemea ni tatizo ambalo wafugaji wengi hulichukulia kuwa la kawaida mpaka ng'ombe akatae kusimama. Vidonda na uvimbe wa kwato hupandisha joto kwenye mstari ambapo nywele hukutana na kwato na kwenye kisigino, na kwa kuwa ng'ombe ana miguu miwili ya nyuma, mmoja unakuwa kielelezo cha mwingine. Tofauti ya nyuzi 2 au zaidi kati ya miguu hiyo miwili, iliyoonekana asubuhi mbili mfululizo, kwangu inatosha kumwinua mguu na kuutazama. Sharti ni kwamba tope limesuguliwa likiwa kavu kwa brashi. Mguu uliooshwa kwa maji hupoa kwa kukauka, na utapima maji badala ya mguu.

Matumizi ya pili hayamhusu ng'ombe moja kwa moja. Kwenye saa saba mchana, elekeza kamera kwenye upande wa chini wa paa lenu la bati, kisha kwenye kivuli cha mwembe ulio karibu. Bati jipya linalong'aa linaweza kukudanganya kwa kuwa huakisi mionzi ya vitu vingine kama kioo, lakini bati lililofifia au lenye kutu litaonyesha kwa ukweli ni joto kiasi gani linalomwagikia migongo ya ng'ombe wenu. Wataalamu hutumia kipimo kinachounganisha joto la hewa na unyevu. Kwa ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, shida huanza kipimo hicho kinapofika kati ya 68 na 72. Siku yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo kwenu si siku ya ajabu, kipimo hicho ni 83 hivi. Ng'ombe katika hali hiyo hupumua kwa haraka, hula kidogo, hupunguza maziwa, na joto la mwili wake hupita nyuzi 39 bila kuumwa. Hapo pia ndipo picha za mchana zinapopoteza maana: hewa inapokaribia joto la ngozi, tofauti kati ya mahali pagonjwa na pazima hufifia. Kuweka dari ya makuti chini ya bati kunaweza kuwaletea maziwa mengi kuliko kamera.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msiinunue peke yenu kwa sasa. Kipimajoto cha kawaida cha mifugo, kikombe cha kukamulia michirizi ya kwanza juu ya kitambaa cheusi ili kuona mabonge, na kibao chenye vikombe vinne pamoja na dawa ya kipimo cha California, yaani kipimo cha maziwa cha kugundua ugonjwa wa kiwele, ambacho kimetumika tangu mwaka 1957, vyote kwa pamoja havifiki hata robo ya bei aliyowatajia. Kama katika ushirika wenu wa maziwa wapo wafugaji kumi wenye tatizo la miguu, kamera moja ya pamoja inaweza kuwa na maana. Na ikiwa mama ameshaamua, basi itumieni hivi: kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua na kabla ya kuosha kiwele, ng'ombe wakiwa wamesimama angalau robo saa kivulini, washeni kamera dakika tano kabla ili itulie, umbali uwe ule ule, mita moja, rangi zifungwe, kiwango cha utoaji wa mionzi (emissivity) katika programu kiwekwe 0.98, ambacho ndicho cha ngozi. Na namba ziandikwe daftarini kwa jina la ng'ombe. Wiki mbili za kwanza msitafute ugonjwa, tafuteni kila ng'ombe yukoje akiwa mzima. Msijaribu kuokoa fedha kwa kutumia bastola ya kupima joto la watu kwenye paji la uso, ile iliyoenea mwaka 2020. Hiyo hubadilisha joto la ngozi kuwa kadirio la joto la ndani la binadamu, na kwa ng'ombe namba yake haina maana.

Sasa yule wa robo ya nyuma ya kulia. Leo jioni, osha na ukaushe chuchu, kamua michirizi mitatu kwenye kitambaa cheusi, kisha kamua kidogo kutoka kila robo kwenye kikombe chake, kiasi cha nusu kijiko cha chai, utie dawa ya kipimo kwa kiasi kile kile na uzungushe kibao kwa sekunde kumi hadi ishirini. Maziwa yakibaki mepesi kama maji katika vikombe vyote vinne, picha ile ilikuwa ya jua au ya sakafu. Yakishikana kama uji katika kikombe kimoja, iwe ni cha robo ile au nyingine, mkamue ng'ombe huyo mwisho baada ya wenzake wote, mpime joto, na mpigie daktari wa mifugo wa wilaya achukue sampuli ya maziwa kabla ya dawa yoyote kuingia. Ukishapata jibu niandikie, ukitaja alizaa lini na robo ipi iliyobadilika.